Kumi na Sita Mbele ya Mzungu wa Kopa

...na asimwite shemeji, shemeji wa wapi, huyu Ismael mnunuzi wa korosho, aliyekuja Masoko na lori la kukodi mambo yalipokuwa ruksa, kakaa kwenye baraza la ghala lake, kidole juu ya karata zilizobaki, "Unaongeza au unabaki, shemeji?", na Skolastika ana kumi na sita, tisa na saba, mwenzake kaanika mzungu wa kopa, yaani kumi, nyingine kaifunika, na Skolastika akipita ishirini na moja jora la kaki limekwenda, sare za watoto wa watu, na cherehani hairudi, cherehani aliyoachiwa na shangazi yake, mumewe Jerome akaipoteza hapahapa Jumamosi, kwa karata hizihizi, eti shetani tu, mama Debora... shetani gani anayebeba cherehani, na sasa huyo mume kasimama nyuma anampumulia shingoni, "Ongeza, mama Debora, kumi na sita mbele ya mzungu unaongeza, ndiyo sheria," sheria, mwanamume mzima hana haya, si yeye aliyemfundisha, kule Kikole, miaka ya foleni za sabuni, wakicheza kwa punje za mahindi, karata ndogo ikipita nenda moja mbele, kubwa ikipita rudi moja nyuma, ukijikuta mbele sana ujue zilizobaki ni kubwa, hapo achana na sheria, Skola, kumi na sita yako usiiongeze, sheria ni ya asiyehesabu... na leo kahesabu tangu karata ya kwanza, huku akijifanya anakung'uta khanga, ndogo zimepita karibu zote, yuko saba mbele, chini ya kidole kile ni wazungu na kumi tu, akiongeza amekwisha... "Ongeza," anasema tena, sauti haitetemeki, na... ngoja, ngoja kwanza, Jerome naye yuko hapa tangu karata ya kwanza, na Jerome haoni kitu asikihesabu, kanisani anahesabu mabati, sokoni anahesabu samaki wa watu, basi anajua kuwa mkewe yuko saba mbele, na bado anasema ongeza, na ule ufunguo shingoni mwake tangu Jumatatu, ufunguo wa ghala hili, "namshikia tu," na Zakia, mke mdogo wa Ismael, siku ya Idi alivyoipapasa ile cherehani akauliza kama inauzwa... haikupotea, ilitolewa, mbwa huyu kajinunulia kazi ya kupima korosho kwa cherehani ya mkewe, kisha akaja kulia kitandani, naye akambembeleza, akaamka akampikia chai, Mungu wangu, akampikia chai... "Shemeji, tunakungoja," kidole cha Ismael hakijasogea, mzungu wa kopa yuko palepale, kumi na sita ni ileile, na Skolastika hageuki nyuma, akigeuka atamtemea mate kabla hajaipata cherehani yake, anarudia hesabu, saba mbele, saba mbele, kisha anahesabu nguo za mwanawe Debora za kufungasha, magauni matatu, sweta, kandambili, na gari la Pande huondoka saa tisa.