Vidole vya Mama Mwiko

Kioo cha mashine kilikuwa kimekataa vidole tisa, na sasa kilikataa cha kumi. Karani alikifuta kidole gumba cha Mama Mwiko kwa kitambaa, akakibandika tena na kukikandamiza kama mtu anayeua kunguni. Taa nyekundu ikawaka.

"Huna alama za vidole, mama."

"Ninazo. Ziko kwenye masufuria."

Hakuwa anatania. Miaka kumi na tisa ya kunyanyua masufuria ya moto na kusugua ukoko kwa mchanga katika jiko la shule ya msingi ilikuwa imelainisha ncha za vidole vyake zikawa kama ganda la yai. Jina la Mama Mwiko alipewa na wanafunzi, na mwalimu mkuu akalifuata. Jana mwalimu mkuu huyo alikuwa amemwambia wazi: wapishi wanaingizwa kwenye ajira ya kudumu, na mwisho wa kuleta namba ya kitambulisho kipya ni leo saa kumi. Asiye na namba, nafasi yake inakwenda kwa mwingine.

Karani alichomoa karatasi ya njano. "Asiyesomeka anatiliwa shaka. Utafanya mtihani wa uraia. Maswali kumi, upate manane. Ukishindwa, urudi baada ya miezi mitatu."

"Mwanangu, mimi nimezaliwa hapo nyuma ya soko. Mama yangu pia alizaliwa hapo."

"Ndivyo wanavyosema wote. Subiri kwenye benchi, kuna mtu mbele yako."

Mtu huyo alikuwa fundi mwashi. Aliingia akajikohoza, na hazikupita dakika tano akatoka, akakaa katikati ya Mama Mwiko na mwanamke dobi ambaye sabuni ilikuwa imemla vidole vilevile.

"Matatu," alisema mwashi, akitazama viganja vyake vilivyotafunwa na saruji. "Ananiuliza nani anamwapisha rais. Nimemwambia mimi sikualikwa."

Dobi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Cheka tu, dada. Sakafu hii niliimwaga mimi. Hilo hakuuliza."

Mlinzi wa mlangoni naye alikuwa akicheka. Mama Mwiko akamgeukia. "Na wewe unayeonyesha meno, mihimili ya dola ni mingapi?"

Mlinzi akatazama dari. "Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Mama, mimi sihitaji kujua. Mimi nina kitambulisho."

"Anayefuata!" aliita karani.

Mama Mwiko aliingia akaacha mlango wazi, kwa kuwa chumba kilikuwa kama tanuri. Karani aliishika karatasi ya majibu karibu na kifua, kama mcheza karata.

"Mihimili ya dola ni mingapi, na ni ipi?"

Mama Mwiko alifumba macho. Dirisha la jiko lake linatazamana na dirisha la darasa la nne. Kila Jumanne na Alhamisi, maharage yanapofika pale pa kutoachwa peke yake, mwalimu wa uraia huanza somo, na mwalimu yule anaamini mtoto hakumbuki asichokiimba. Mama Mwiko aliacha shule akiwa darasa la tatu, na kitabu cha uraia hajawahi kukishika. Wimbo wake ameukoroga tu pamoja na maharage, miaka kumi na tisa.

Mkono wake wa kulia ukaanza kuzunguka hewani. "Mihimili ni mitatu. Serikali inatenda, Bunge linatunga, Mahakama inaamua."

Karani akaweka alama ya vyema. Nani anamwapisha rais? Jaji Mkuu, na mkono ukazunguka. Umri wa kupiga kura? Kumi na minane. Alipata saba mfululizo. Swali la nane lilitaka urefu wa mpaka kwa kilomita, na la tisa mwaka wa sarafu ya kwanza. Hayo hayakuwa kwenye wimbo. Akakosa yote mawili, na sasa hakuruhusiwa kukosa jingine.

"La mwisho. Nchi ina wilaya ngapi?"

"Arobaini na nne."

Karani akaweka alama ya mkasi. "Arobaini na moja. Umepata saba. Miezi mitatu, mama."

"Arobaini na moja ilikuwa mpaka mwaka juzi. Tatu zikagawanywa. Watoto walihangaika wiki nzima, wimbo haukukaa."

"Karatasi inasema arobaini na moja."

"Basi karatasi haijafika darasa la nne. Ramani ya serikali hiyo hapo, nyuma ya kichwa chako. Hesabu."

"Mama, sina muda."

"Mimi ndiye sina muda. Hesabu!"

Karani aligeuka, akaanza kugusa ramani kwa ncha ya kalamu. Kufika kumi, dobi na mwashi walikuwa wamesimama mlangoni wakihesabu naye kwa sauti. Kufika thelathini, mlinzi akajiunga. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Sauti zikapanda. Arobaini na nne! Mwashi akapiga ukuta kofi.

"Bila hiyo karatasi," Mama Mwiko aliuliza polepole, "wewe mwenyewe ungepata ngapi?"

Karani aligonga muhuri, akaandika namba kwenye kipande cha karatasi, akakisukuma mezani.

Mama Mwiko alikipokea, asiondoke. "Na mwashi arudie. Karatasi yenye jibu la uongo haimfelishi mtu."

Karani alizitazama nyuso tatu mlangoni, akapangusa shingo. "Nipeni robo saa. Nitamwita."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane u nusu, na shule ni mwendo wa dakika ishirini. Mama Mwiko alifunga namba yake kwenye ncha ya khanga, akakaa kati ya mwashi na dobi.

"Wimbo ni mfupi," alisema, akaanza kupiga benchi kwa kiganja. "Mihimili ni mitatu..."

Waliimba. Mwashi alikuwa na sauti nzito, dobi alijua kuitikia. Kwenye foleni ya nje nako watu wakaudaka. Karani alifunga mlango, lakini mbao zake zilikuwa nyembamba.

Mlinzi, mwenye kitambulisho, alikosea kwenye idadi ya wilaya. Wakamrudisha mwanzo.