Viganja vya Zambarau

Jumanne, saa nne asubuhi, fundi wa vioo alivua glavu akakuta viganja vyake vimekuwa vyekundu kama taa ya nyuma ya gari. Hakushtuka. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akipanga vitone vya dhahabu juu ya vipande vya kioo, mstari kwa mstari, vidogo kiasi kwamba mamia yao yangeenea kwenye upana wa unywele mmoja. Mwanga ukivipiga, kioo huwa chekundu. Sumu ikivigusa, hugeuka zambarau. Kampuni iliwauzia vioo hivyo watu waliotaka kujua kama maji yao ni salama. Basi sehemu ya dhahabu hiyo ilikuwa imepenya mikononi mwake, ikajipanga. Alinawa, akaendelea na kazi.

Chumba cha pili, wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa akiviosha vioo kwa dawa kali ya kuondoa dhahabu iliyozidi. Feni ya kuvuta mvuke ilikuwa imekufa tangu mwaka juzi. Fundi alishamwandikia meneja barua saba kuihusu. Wifi alikuwa na mimba ya miezi saba.

Mchana wakila, mtoto alipiga teke tumboni.

"Shika hapa, wifi," alisema mjamzito.

Fundi akaweka mkono tumboni. Kiganja kikawa zambarau.

"Umebadilika rangi."

"Naona."

"Ni ile dawa?"

"Ni ile dawa."

Wifi akafunika chakula chake. Hamu ilikuwa imemwisha.

Fundi akamshika mkono, wakapanda ghorofani hadi kwa meneja, wakaingia bila kubisha hodi. Akaweka tena kiganja juu ya tumbo.

"Bosi, tazama vizuri. Barua saba nimekuletea. Sasa sumu imemfikia mtoto. Unataka ya nane, au nikubandike mkono huu usoni?"

Meneja hakukasirika. Alichukua tone la jasho la wifi, akaliweka kwenye kioo cha kampuni. Baada ya dakika kumi kioo kikatoa rangi ileile. Akatazama saa yake.

"Mkono wako una kasi zaidi," alisema. "Umeanza lini, dada?"

"Nazungumzia feni!"

"Feni ipo kwenye mpango. Lakini mikono hii tusiiache hivihivi."

Wiki iliyofuata fundi alihamishiwa chumba chenye pazia. Wateja walileta maji kwenye chupa kutoka mbali, naye akichovya kidole na kusema, "Haya kunywa," au, "Haya mwaga." Fundi alimweleza kila mteja habari za feni. Walitikisa vichwa kwa huruma, wakachukua cheti, wakaondoka. Siku moja aligoma. Meneja akamkumbusha kwa upole kwamba wanaoitaka nafasi ya wifi yake ni wengi.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati. Fundi, shangazi yake, alipompakata, zambarau ilimpanda kutoka vidoleni hadi kwenye viwiko. Nesi akaona, akaandika "zambarau" kwenye faili, akaita anayefuata.

Likizo ilipokwisha, wifi alirudi kuosha vioo. Feni ilikuwa vilevile. Mlangoni alikabidhiwa aproni mpya, nyeupe. Kifuani pamechorwa nembo mpya ya kampuni: mkono wa zambarau, umenyooshwa kama unasalimia. Akafunga kamba mgongoni, akaingia.