Taa za Tela la Maduhu

Maduhu hakunisalimu. Aliteremka kwenye Noah yake, tela la mizinga ya nyuki likiwa nyuma, akasimama katikati ya gereji yetu hapa Mpanda na kupaza sauti kama anaswaga ng'ombe.

"Mzee Amosi! Nyie mnampa mwanamke waya, mnategemea nini? Toka Inyonga mpaka hapa tela halina taa hata moja! Lori limekaribia kunipanda mgongoni!"

Mwanamke huyo ni mimi, Romana. Juzi nilishinda chini ya gari hilo la familia, nikifunga soketi pembeni ya chuma cha kuvutia tela: waya saba, kila mmoja na rangi yake na kazi yake. Taa nilizijaribu mbele ya macho yake, zikawaka zote. Leo ananitukana! Miaka tisa nafunga umeme wa magari mji huu, na bado taa ikizimika lawama inamtafuta mwenye sketi kwanza. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto.

Mzee Amosi, mwenye gereji, hakunitetea hata kwa neno moja. "Romana, fungua tuone," alisema. "Kama kosa ni lako, kusanya vifaa vyako uende. Siwezi kuharibiwa jina."

Jina lake! Langu je, ni la kupigia deki? Mkuki kwa nguruwe.

Nikachomoa plagi ya tela, nikamulika ndani ya soketi. Shaba sikuiona. Niliona kitu cha njano kimejaa matundu yote. Nikakwangua kidogo kwa bisibisi, nikanusa. Nta ya nyuki.

"Baba," nikamuuliza Maduhu, "hii umeiweka wewe?"

"Si ya kuzuia vumbi?" alijibu bila aibu. "Niliyeyusha, nikamimina, nikachomeka plagi ingali moto. Sisi ndoo za asali tunaziba hivyo, hata siafu hapiti."

"Na umeme haupiti vilevile!"

Samahani hakusema. Nilikwangua nta karibu saa nzima, tundu moja baada ya jingine, nikamalizia kwa petroli. Sasa, kupima taa za breki ni kazi ya watu wawili: mmoja akanyage pedali, mwingine asimame nyuma aangalie. Nikamwomba Faustini, fundi injini wetu, akanikanyagie. Taa zikawaka nyekundu, kushoto na kulia. Faustini akashuka kwenye kiti cha dereva, na Maduhu akamkimbilia kwa mikono miwili.

"Asante sana, fundi! Hii ndiyo kazi ya mwanaume!"

Na Faustini akaipokea ile mikono. Akatabasamu! Mtu aliyekanyaga pedali tu!

Nikafunua kifuniko cha nyuma cha soketi. "Kaka Faustini, hebu muoneshe baba waya wa ethi ni upi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi."

Faustini akainama. Kidole chake kikazunguka juu ya rangi saba, kikatua kwenye nyekundu.

"Huo ni wa breki," nikasema. "Ethi ni mweupe. Nimeufunga mwenyewe."

Maduhu akanijia taratibu, akaninong'oneza, "Samahani, fundi. Yaishe." Akaninyooshea mkono.

Sikuushika. "Baba, matusi hukuyanong'ona. Rudi pale uliposimama, useme kwa sauti ileile."

Mzee Amosi akakohoa, kunionya niache. Sikumtazama. Maduhu alitazama chini, akatazama gari lake, akaona sina mpango wa kuondoka mbele yake. Akarudi katikati ya gereji.

"Romana ni fundi!" akapaza sauti. "Taa alizifunga sawa. Aliyeziharibu ni mimi!"

Nikajifuta petroli, nikampa mkono. Kisha nikamgeukia Mzee Amosi, nikasubiri naye aseme.