Likizo ya Uzazi ya Masharubu

Mkataba wa kampuni ya maziwa ulisema lita kumi kila siku, na kila siku maana yake kila siku. Ndoo ikifika tupu siku tatu mfululizo, kampuni inarudi kumchukua ng'ombe wake. Masharubu, mfugaji aliyekabidhiwa ng'ombe huyo, alitia sahihi akiwa amesimama, kofia kwapani, maana wawekezaji wa kampuni walikuwa na haraka ya kupigwa picha.

Sasa ng'ombe ana mimba ya miezi saba. Mfugaji yeyote anajua: ikibaki miezi miwili, unaacha kumkamua apumzike, la sivyo atazaliwa ndama mdogo kama paka. Masharubu akaacha. Siku ya pili tu, afisa wa kampuni huyo mlangoni.

"Mzee wangu, maziwa yako wapi?"

"Nimemkausha. Anakaribia kuzaa."

Afisa akapekua mkataba, kurasa arobaini. "Humu ng'ombe hazai."

"Sasa hayo maziwa ya kwanza aliyapataje?"

"Hilo waulize makao makuu."

Hakuwa mtu mbaya. Alipekua tena, akapata upenyo: mleta maziwa anaweza kuacha kuleta kwa sababu moja tu, likizo ya uzazi. Lakini ng'ombe hakuwa mleta maziwa. Mleta maziwa alikuwa Masharubu.

"Mimba ya miezi mingapi?" afisa akauliza, kalamu tayari.

Masharubu akamtazama mkewe. Mkewe akageukia ukuta, mabega yakimtetemeka.

"Saba."

Tangu hapo kila wiki alikuja muuguzi wa kampuni na utepe, akampima Masharubu tumbo, akaandika: linaendelea vizuri. Masharubu akapigwa marufuku kubeba majani. Mkewe akayabeba yeye.

"Nimekuzalia wanne, hakuna aliyeniletea hata kigoda," alinung'unika. "Hii yako, baba watoto, ina cheo."

Asubuhi ng'ombe alipozaa, afisa alimkuta Masharubu amechuchumaa zizini, damu hadi kwenye viwiko, akimkausha ndama kwa gunia.

"Hongera, mzee! Wa kike?"

"Wa kike."

Afisa akaandika, akageuza ukurasa, uso ukambadilika. "Inatakiwa sahihi ya baba wa mtoto. Bila hiyo likizo inafutwa, na ng'ombe naondoka naye leo hii."

Masharubu akaweka gunia chini. Mkewe akautua mzigo wa majani, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Lete hiyo kalamu," akasema. "Ni wangu."