Injini Iliyowashwa Stooni

Neno lililetwa na muuza viazi, tena alilitoa huku akipima, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Mama, mwanao wa ng'ambo nasikia hajiwezi. Hata uji ananyweshwa."

"Nani kakwambia?"

"Watu tu. Nikuongezee vitunguu?"

Mama hakuongeza vitunguu. Alirudi nyumbani na lile neno limemganda kama kupe. Simu ya kijana ilikuwa haipatikani mwezi wa pili sasa. Boti ya abiria ya kuvukia ziwa ilikuwa imepasuka ubavu, na barabara ya kuzunguka imekatwa na mvua. Kilichobaki ni mashua ya marehemu mumewe na injini yake kuukuu, iliyolala stooni miaka minne imefungwa shuka.

Fundi wa injini aliahidi kuja Jumatatu. Hakusema ya mwezi gani. Jumatatu ya tatu ilipopita, mama akapiga moyo konde, akaifungua mwenyewe.

Alikuwa amemshikia mumewe spana miaka kumi na tisa. Mikono yake ilijua ipi inafuata hata kama mdomo usingeweza kueleza.

"Baba watoto, hii namba kumi umeificha wapi?" aliuliza. Akaipata kwenye kopo la misumari.

Alimwaga petroli iliyochacha. Akafungua kabureta juu ya sinia, akazibua vitundu vyake kwa uzi wa waya. Akabadilisha plagi. Mpira wa pampu ya maji ulikatika mkononi kama biskuti. Akatafuta mwingine kwenye droo, akaukuta ndani ya bahasha yenye mwandiko wa marehemu: usisahau. Hapo alikaa kitako kwanza.

Ikabaki kuijaribu. Injini ya mashua haiwashwi kavu. Mguu wake sharti uzame majini, la sivyo inaungua. Mumewe aliijaribia pipani, uani. Lakini uani kulikuwa na macho, na mama jirani alikwishamtania: "Shoga, siku hizi wewe ndiye baba mwenye nyumba. Ndevu tunaziona lini?" Alicheka naye, ila lilimchoma. Hakutaka aonekane anavuta kamba mara hamsini na injini haiitiki.

Kwa hiyo pipa akaliweka stooni, akalijaza ndoo kwa ndoo, akaning'iniza injini ukingoni. Mlango wa stoo ulifungukia ndani. Akaufunga, na ili pipa lisicheze, akabana ubao kati yake na mlango. Dirisha halikuwepo.

Mvuto wa thelathini na moja, injini ikakohoa, ikanguruma. Kijimkondo cha maji kikaruka pembeni, dalili kwamba pampu inafanya kazi. Mama alicheka peke yake. Akaiacha ipate moto vizuri.

Kichwa kikaanza kumgonga. Akasema ni njaa, maana tangu asubuhi hakutia kitu mdomoni. Magoti yakalegea. Akasema ni uzee. Alipotaka kutoka, ubao ulikuwa umekwama. Mtikisiko umelisogeza pipa na kuukaza, na pipa la maji halisukumwi na mwanamke mwenye kizunguzungu. Akajikokota, akabana hewa ya kabureta, injini ikafa.

"Jirani," aliita. Sauti haikuvuka hata pipa.

Akalala kifudifudi, mdomo kwenye upenyo wa chini ya mlango. Akivuta hewa kidogo, anainuka kuchota maji na kuyamwaga. Akizidiwa, anarudi chini. Kopo kwa kopo, hadi pipa likawa jepesi na ubao ukaachia.

Alikuwa amelala uani, ametapika, mama jirani alipochungulia. "Tulisikia injini, shoga. Nikamwambia mume wangu, heri leo ana mgeni."

"Ameshaondoka," mama akajibu.

Siku ya tatu alivuka. Injini haikumwangusha. Alimkuta mwanawe kwenye karakana yake ya useremala, anapiga randa, mzima wa afya.

"Mama? Umekuja na nini?"

"Na injini ya baba yako."

"Nani kaitengeneza?"

"Imejitengeneza. Nimesikia hujiwezi."

"Jino tu, mama. Nililing'oa mwezi uliopita, nikanywa uji siku mbili."

"Na simu?"

"Nilibadilisha laini. Watu wote niliwatumia namba mp..." Mama alikuwa anatazama maranda sakafuni.

Kijana akaichukua simu ya mama, akaiandika namba mwenyewe. Habari ya stoo mama hakuigusa. Wakanywa chai wamesimama, kwa sababu mteja alikuwa anangojea mlango wake, halafu mama akarudi peke yake jua likiwa bado juu.

Wewe unayetengeneza injini kuukuu nyumbani, epuka haya:

Kuiwasha ndani ya chumba, hata kama mlango uko wazi. Moshi wake unaua kimya.

Kuweka kitu chochote kwenye njia ya kutokea.

Kuiwasha bila maji.

Kutumia petroli iliyolala.

Kusema ni njaa. Kichwa kikiuma, zima na utoke.

Kuwaonea haya majirani. Wacha wacheke.

Kuanza kazi hii kabla hujamwambia mtu uko wapi. Kama huna wa kumwambia, mwambie hata muuza viazi.