Ngata ya Ismaily

Asubuhi ile Ismaily aliivua kichwani ngata yake ya kubebea magunia, akaiweka chini mbele ya ghala la korosho pale Nachingwea, akaikalia. Makuli wenzake nao wakakaa. Ukiwaona makuli wamekaa na lori linasubiri, ujue ni mgomo, maana genge zima haliumwi tumbo siku moja.

Wakulima wa Ruponda na Naipingo ndio waliowaomba. Mnadani Ruangwa wanunuzi walikuwa wametaja bei ya kuchekesha, wakulima wakaikataa. Sasa lori lao limekuja kuchukua mzigo wa mnada uliotangulia. "Msipakie," wakulima wakasema. "Wakiondoka mikono mitupu wataongeza bei."

Ismaily hakuwa na mkorosho hata wa kupumzikia kivulini. Mikorosho ni ya mama mkwe. Lakini mkewe Sikuzani alishamwambia, "Mama akiuza kwa bei ile, kula yake itakuwa kwetu, baba Fauzia. Na mama unamjua anavyokula."

Nyapara wao, Saadi, likatangulia tumbo lake, akafuata mwenyewe. "Asiyebeba leo nafasi yake inaliwa. Getini wamejaa wanaotafuta kazi."

Nafasi ile Ismaily aliisotea pale getini, akimsalimia Saadi kila alfajiri mpaka salamu zikamwishia. Hata hivyo hakuinuka. "Tukikaa wote atamfukuza nani?" aliwanong'oneza wenzake.

Ndipo Kornel akaingia kutoka getini. Kornel ni Mngoni, Ismaily Mmwera. Mababu zao walipigana wakachoka, wakawaachia wajukuu utani. Mtani atakutukana msibani, atabeba kuku wako, nawe utacheka. Ukinuna umeuaibisha ukoo, na faini utatoa.

"Nyie Wamwera," Kornel akasema, "kubeba hamwezi, hata kukaa mnakaa vibaya." Akamsukuma Ismaily kwa goti, akaichomoa ngata, akaivaa. "Hii nimerithi. Mtani wangu kafa amekaa."

Genge likaangua kicheko. Ismaily naye akacheka, angefanyaje? Sasa mtu akishacheka, ile sura ya kugomea ataitoa wapi tena? Mmoja akainuka akijifuta machozi, eti anakwenda kumwona Mngoni akivunjika shingo. Wengine wakamfuata. Shingo haikuvunjika. Adhuhuri lori lilikuwa limejaa, na Ismaily yuko peke yake vumbini, meno bado nje.

Alipomwendea nyapara akaambiwa genge limetimia. "Kadai kwa mtani wako."

Wiki iliyofuata mawingu yalitanda, wakulima wakaogopa korosho zisije zikalowa. Wakanyoosha mikono mnadani, wakauza kwa bei ileile.

Jioni Kornel akaja kwa Ismaily bila hodi, akaketi mkekani, akawa wa kwanza kutia mkono kwenye sahani. Ndiyo haki ya mtani.

"Kornel," Ismaily akasema, "nirudishie nafasi yangu. Sina kazi nyingine."

Kornel akapaliwa na ugali kwa kucheka. "Leo umenipata, mtani. Shemeji, umemsikia?"

"Sitanii."

"Na uso kaukunja vilevile."

Ismaily akarudia taratibu, neno kwa neno, kama anayemwelekeza mgeni njia ya Nambambo. Kornel alicheka mpaka akaomba maji. Sikuzani akayaleta, asijue amtazame nani.

Ismaily akaisogeza sahani upande wa mtani wake, asije akasema kanuniwa.