Vichwa vya Sapna

Murugi wa kibanda cha mboga anaapa kwamba siku ya Jumanne alimwona Sapna kule Wang'uru akichagua mchele, akinusa konzi moja moja kama zamani.

"Na macho yangu mbili! Amenona kidogo. Ati hujui amerudi? Na vile mlikuwa mnakula sahani moja!"

Wakonyo alichukua mboga zake akaondoka. Alirudi kazini, kwenye duka la vitambaa la Mama Jyoti, nyanya yake Sapna, hapo Nanyuki, akafungua kompyuta iliyo nyuma ya majora.

Humo mlikuwa na kitabu cha mapishi ya Mama Jyoti. Sapna ndiye aliyekianza, na ndiye aliyemfundisha Wakonyo, aliyeishia darasa la nane, kuandika bila mapambo, programu iyapambe maandishi yenyewe baadaye: unaandika kichwa cha pishi, kisha chini yake unapiga mstari wa alama za =, au za - kwa kichwa cha kati. Mistari ya Sapna ililingana na neno, alama kwa herufi, maana alizihesabu huku ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo. Akaenda ng'ambo wakiwa wamefika kwenye achari. Yaliyofuata Wakonyo aliyaandika peke yake, kwa mkato aliouona kwenye simu: # mbele ya kichwa, moja kwa kikubwa, mbili kwa cha kati, tatu kwa kidogo, basi.

Sasa mpiga chapa wa Nyeri amerudisha kazi. Anataka vichwa vya namna moja, kitabu kizima, kufikia Ijumaa.

"Si ubadilishe vyako vifuate vya Sapna?" Mama Jyoti aliuliza.

"Nimejaribu, Mama. Mistari yake iko ya vichwa vikubwa na vya kati tu. Hivi vidogo, 'Viungo', 'Kukaanga', haina. Lazima # tatu."

"Basi futa vyake. Mtoto mwenyewe hata simu hapigi."

Wakonyo alipeleka kishale chini ya neno DENGU. Herufi tano, alama tano. Alifuta moja, akairudisha. Kazi ya saa moja tu, kisha hapangebaki kitu dukani cha kuonyesha kwamba Sapna aliwahi kukaa pale.

Akachukua simu, akaandika: "Sapna, nasikia uko Wang'uru. Sikuulizi kwa nini hujapita. Vichwa vyako vinatakiwa vifutwe kabla ya Ijumaa na mkono wangu umekataa. Njoo uvifute mwenyewe. Kiti chako kipo."

Tiki mbili zikatokea, zikageuka buluu.

Alhamisi, Mama Jyoti akifunga milango, kiti cha Sapna kilikuwa bado kitupu, na kishale bado kinawaka na kuzima chini ya DENGU.